Thamani ya jibu la "hapana"

Karatasi ya daktari inapofika kwenye dirisha la labo yetu hapa Lubumbashi ikiwa imeandikwa "tafuteni fangasi katika damu", mara nyingi huwa najua mgonjwa yuko katika hali gani kabla sijasoma mstari wa pili. Yuko wodi ya saratani. Amepata kemo, dawa kali ya saratani, siku chache zilizopita. Homa imekataa kushuka. Malaria imepimwa, haipo. Tifoidi imepimwa, nayo haipo. Antibiotiki kali zimeingia mshipani kwa siku nne, tano, na bado usiku anatetemeka. Daktari anaanza kuwaza kitu kingine, na familia kwenye benchi la nje inaanza kuuliza ni kwa nini damu inachukuliwa tena.

Nimefanya kazi ya labo kwa miaka mingi na nimeona benchi hilo likijaa na kutoka watu. Ninaandika kwa ajili yao, na kwa ajili ya wenzangu walioko Likasi, Kolwezi na Kipushi ambao nao hupokea karatasi hiyo. Jambo ninalotaka kusema ni moja. Kwa mgonjwa wa saratani mwenye homa isiyoeleweka, zawadi kubwa ambayo kipimo cha damu cha fangasi kinaweza kumpa ni "hapana" ya kuaminika inayofika mapema. "Ndiyo" yake ina mashaka mengi kuliko watu wanavyodhani. Wengi wanaolipia vipimo hivi wanalipia wakitegemea kinyume chake.

Nianze na sababu ya kuwaogopa fangasi hawa. Kemo inaua chembe zinazogawanyika upesi. Inaua za saratani, na inaua pia zile za ndani ya mifupa zinazotengeneza damu. Kati ya chembe nyeupe, kuna zinazoitwa neutrofili, na hizo ndizo zinazokabili ukungu unapoingia mapafuni. Zikishuka chini ya 500 katika maikrolita moja ya damu, mtu anaweza kuugua kutokana na kitu ambacho mimi na wewe tunakivuta puani kila siku bila kujua. Kwa mtu mwenye leukemia kali, yaani saratani ya damu, hali hiyo inaweza kudumu wiki mbili au tatu mfululizo, na kila siku inayoongezeka inaongeza hatari.

Na sisi tunaishi wapi? Kila mtu wa hapa anajua vumbi jekundu la kiangazi, mvua ikishakatika mwezi wa tano. Linaingia kwenye sufuria, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye vitanda. Mbegu za ukungu uitwao Aspergillus fumigatus zina upana wa maikroni mbili au tatu tu, kwa hiyo zinapita puani na kooni na kufika kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya pafu. Mtu mzima anavuta mamia yake kwa siku. Neutrofili zikiwepo, zinamalizwa. Zisipokuwepo, mbegu inaota, inatoa nyuzi, na nyuzi hizo zinatoboa mishipa ya damu. Ndiyo maana ninakasirika ninapoona mafundi wakivunja ukuta karibu na wodi ya kemo bila kufunika chochote. Vumbi la ukuta wa zamani linabeba mbegu hizo kwa wingi, na hilo limeandikwa katika miongozo ya hospitali kwa miaka mingi.

Mwezi wa kumi mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi hatari zaidi kwa binadamu. Wako 19. Katika kundi la juu kabisa wamewekwa wanne: Cryptococcus neoformans, Candida auris, Aspergillus fumigatus na Candida albicans. Aspergillus na Candida ndio wanaotusumbua zaidi wodi ya saratani.

Sasa, kwa nini tusioteshe tu damu, yaani tuiweke kwenye chupa tuone kama fangasi ataota? Swali hili huulizwa hata na wauguzi. Kuotesha damu kwenye chupa bado ni lazima, na ninawasihi madaktari wasiiache. Lakini kwa Candida aliyeingia ndani ya mwili, chupa humkamata karibu nusu ya wagonjwa tu. Kwa Aspergillus ni karibu hakuna kabisa, hata pale nyuzi zake zinapopita ndani ya mishipa ya pafu. Njia ya uhakika ni kukata kipande cha pafu na kukitazama kwa hadubini, na hapo kemo inatuzuia tena, kwa sababu imeshusha pia chembe sahani zinazogandisha damu. Nani atamchoma sindano ya pafu mtu ambaye damu yake haigandi? Hapo ndipo vipimo vya damu vinapoingia: badala ya kumtafuta fangasi mwenyewe, tunatafuta vipande vya ukuta wake vilivyomwagika kwenye damu.

Viko viwili vinavyotumika sana.

Cha kwanza kinatafuta galaktomanani, sukari ambayo Aspergillus huiachia anapokua. Kinachojulikana zaidi ni Platelia cha kampuni ya Bio-Rad, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2003 baada ya kutumika Ulaya miaka kadhaa kabla. Nilijifunza kukifanya nikiwa mafunzoni nje ya nchi, na mikono yangu bado inakumbuka. Unachukua serumu, yale maji yanayobaki damu ikishaganda, unaichanganya na kemikali iitwayo EDTA, unaichemsha dakika chache ili protini zigande na sukari iachiliwe, unazungusha kwenye sentrifuji, kisha maji ya juu unayaweka kwenye vishimo vya sahani vilivyopakwa kingamwili. Kingamwili inamshika galaktomanani, nyingine inamshika kwa upande wa pili, rangi inatokea, mashine inasoma. Jibu linakuja kama fahirisi: rangi ya mgonjwa ikigawanywa kwa rangi ya serumu ya kikomo, ile ya kiwanda inayoonyesha mpaka wa hasi na chanya. Kuanzia 0.5 kiwanda kinaita chanya. Kundi la wataalamu wa Ulaya na Marekani wanaoweka vigezo vya magonjwa haya, katika toleo lao la 2020, wanataka serumu ifike 1.0 ndipo waihesabu kama ushahidi. Tofauti kati ya namba hizo mbili inaonyesha wenyewe hawaiamini sana chanya ndogo.

Kuna kitu ambacho vitabu hukipita haraka na mimi nataka kukikalia, kwa sababu ndicho kinachowaumiza wagonjwa wa miji kama wetu. Sahani ile ina vishimo 96. Inakatika vipande vipande, kwa hiyo huhitaji kuijaza yote. Lakini kila unapoiwasha, lazima uweke serumu za kudhibiti: hasi moja, chanya moja, na ya kikomo mara mbili. Vishimo vinne vimekwenda kabla mgonjwa yeyote hajaingia. Ukiwa na mgonjwa mmoja tu, unatumia vishimo vitano kumpa jibu moja. Hospitali kubwa yenye wagonjwa arobaini wa leukemia haioni shida hiyo. Labo yenye mgonjwa mmoja au wawili inafanya kile ambacho kila mhasibu angeshauri: inasubiri serumu zijae. Serumu ya Jumatatu inakaa kwenye friji ikingoja ya Alhamisi, umeme unakatika, jenereta inawashwa, na jibu linatoka wiki inayofuata. Kipimo kilichobuniwa kuonya siku kadhaa kabla dalili hazijaonekana kwenye skana kinageuka kuwa habari ya zamani. Sioni uvivu wa mtu yeyote katika hilo. Ni hesabu ya vishimo.

Hesabu nyingine ni ya kuielewa "ndiyo" na "hapana". Tafiti za galaktomanani zilizokusanywa kwa wagonjwa wenye kinga dhaifu zinaonyesha kwamba kwa kikomo cha 0.5, kipimo kinawakamata karibu wanane kati ya kumi wenye ugonjwa, na kinawaachia huru wanane au zaidi kidogo kati ya kumi wasio nao. Namba hizo zinasikika nzuri. Tuziweke kazini. Chukua wagonjwa 100 wenye neutrofili zilizoshuka na homa, na tuseme kumi kati yao kweli wana Aspergillus. Kipimo kitawaona wanane na kuwakosa wawili. Wale 90 wasio na ugonjwa, 72 watapata hasi, na 18 watapata chanya ya uongo. Jumla ya chanya ni 26, na wenye ugonjwa kweli humo ni wanane tu. Jumla ya hasi ni 74, na waliokosewa humo ni wawili.

Rudia kusoma mistari hiyo ukiwa mzazi uliyeshika karatasi. Ukiambiwa "chanya", bado uwezekano mkubwa ni kwamba mwanao hana. Ukiambiwa "hasi", una haki ya kupumua, ingawa si kulala fofofo. Ndiyo maana daktari makini akipata chanya moja anaomba serumu ya pili na skana ya kifua kabla ya kutamka jina la ugonjwa. Chanya mbili mfululizo zina uzito ambao moja haina. Na wodi zinazoweza huchukua damu mara mbili kwa wiki katika kipindi chote neutrofili ziko chini, ili mabadiliko yaonekane.

Kuna pia vitu vinavyodanganya kipimo hiki. Antibiotiki ya piperasilini na tazobaktamu ilikuwa maarufu kwa kuleta chanya za uongo, hadi utengenezaji wake ulipobadilika. Baadhi ya maji ya mshipani yenye glukonati yamefanya hivyo pia. Matumbo yaliyochubuliwa na kemo yanaruhusu sukari za chakula kuvuka kuingia kwenye damu. Upande wa pili, mgonjwa aliyekwisha kuanza dawa inayopiga Aspergillus anaweza kutoa hasi ilhali ugonjwa upo, kwa sababu dawa imepunguza sukari inayomwagika. Kumbuka hili, nitalirudia.

Kipimo cha pili kinatafuta beta-glukani, na hiki historia yake inanigusa kama mtu wa mji wa shaba. Kimejengwa juu ya damu ya mnyama wa pwani ya mashariki ya Marekani, Limulus polyphemus, ambaye watu humwita kaa ingawa ukoo wake ni wa buibui na nge. Damu yake ni ya buluu, kwa kuwa inabeba oksijeni kwa shaba, pale ambapo yetu inatumia chuma. Madini yaleyale ambayo babu zetu waliyayeyusha hapa na ambayo malori yanayapeleka mpakani Kasumbalesa kila siku. Frederik Bang alionyesha mwaka 1956 kwamba damu hiyo inaganda ikikutana na bakteria, na baadaye yeye na Jack Levin wakaigeuza kuwa kipimo cha sumu za bakteria ambacho viwanda vya dawa vya dunia nzima vimekitegemea. Kisha watafiti wa Japani wakagundua kwamba ndani ya damu hiyo kuna njia nyingine ya kuganda, inayoamshwa na beta-glukani ya ukuta wa fangasi. Kutoka hapo kikatoka kipimo. Kile cha Fungitell, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2004, kinasoma chanya kuanzia pikogramu 80 katika mililita moja, hasi chini ya 60, na katikati hapo hakisemi kitu.

Beta-glukani inapatikana kwa fangasi wengi: Candida, Aspergillus, na pia Pneumocystis, yule anayeziba mapafu ya wagonjwa wa limfoma, saratani ya tezi, waliokaa muda mrefu kwenye kortizoni. Uzuri wake ni huo upana. Ubaya wake pia ni huo. Ikiwa juu, hujui ni nani. Na kuna wawili wakubwa ambao haiwaoni ipasavyo: Cryptococcus, na wale wa kundi la Mucor, ambao wanakula uso na mapafu kwa kasi ya kutisha. Hasi ya beta-glukani haimfuti Mucor hata kidogo. Mgonjwa ambaye jicho linavimba au kaakaa linakuwa jeusi anahitaji daktari wa upasuaji siku hiyohiyo, hata karatasi ya labo iwe safi namna gani.

Halafu glukani iko kila mahali. Iko kwenye pamba, kwenye karatasi, kwenye shashi ya kufungia vidonda, kwenye vichujio vya kusafishia figo, kwenye albumini na imunoglobulini za mshipani. Iko kwenye vumbi. Kirija kisichothibitishwa kwamba hakina glukani kinaweza kukupa chanya peke yake. Mwenye labo anayetaka kukifanya hapa kwetu mwezi wa nane, madirisha yakiwa wazi kwa joto, ajue kwanza atafanyia wapi.

Mwaka 2020 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima upya ushahidi wa tiba, ulitoa mapitio ya beta-glukani kwa wagonjwa wenye kinga dhaifu au mahututi. Karibu nusu ya tafiti 49 walizokusanya ziliwahusu watu wenye saratani. Uwezo wa kuwakamata wagonjwa ulitofautiana kati ya tafiti kutoka asilimia 27 hadi 100. Uwezo wa kuwaachia wazima ulianzia sifuri. Kwa tofauti za namna hiyo, wakakataa kutoa namba moja ya wastani. Niliwaheshimu kwa uamuzi huo. Ni rahisi sana kuchanganya vyote na kuchapisha asilimia nzuri ambayo daktari wa mbali ataiamini.

Nieleze kisa kimoja, bila majina.

Kijana wa mtaa wetu wa Katuba, bado mwanafunzi, alikuwa na leukemia kali. Homa ilimshika kemo ikiwa imemaliza chembe zake. Aliyekuwa akimuuguza ni mama yake mdogo, mwanamke wa biashara ya unga, mwenye sauti ya upole na maswali makali. Siku daktari alipoamua kumwanzishia amfoterisini B, dawa ya kuua fangasi, nilikimbia juu na sirinji kabla chupa ya kwanza haijatundikwa. Muuguzi alinisubiri dakika kumi. Hizo dakika kumi zilikuwa na maana kubwa kwa sababu ya lile nililokuomba ukumbuke: serumu iliyochukuliwa kabla ya dawa inasema kweli zaidi.

Amfoterisini ya kawaida ni dawa nzito. Inaokoa watu, na nisingependa mtu aikimbie kwa kusoma maneno yangu. Lakini inatetemesha, inaumiza figo, inamwaga potasiamu. Kila asubuhi nilikuwa napima kreatinini ya yule kijana, ile inayopanda figo zikiumia, na kuiona inapanda. Potasiamu ilikuwa inashuka. Mama mdogo akanikuta kwenye korido.

"Mama wa labo," akasema, "damu munakamataka kila siku, itabakia kweli? Na ile dawa inamutetemesha sana. Kama hana ile bugonjwa, munamupatia ya nini?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha, na nilimwambia hivyo: "Mama, njo ile tunatafuta kujua." Kwa kuwa hilo ndilo swali lenyewe. Katika dawa zote za kutibu kwa kubahatisha, hii ndiyo inayodai zaidi jibu la haraka. Huwezi kuiacha kwa hofu, na huwezi kuiendeleza kwa mazoea.

Serumu mbili, ile ya kwanza na nyingine ya siku iliyofuata, zilisafiri kwa ndege ndani ya boksi lenye barafu kwenda maabara ya nje ya nchi. Ukoo ulichangishana na watu wa kanisa lao wakaongeza. Majibu yaliporudi, galaktomanani ilikuwa hasi zote mbili, beta-glukani ilikuwa chini ya 60, na skana ya kifua iliyofanyika wakati huo haikuonyesha vinundu vya ukungu. Daktari akaketi na wenzake, wakapima yote pamoja, wakaisimamisha amfoterisini. Kreatinini ilianza kushuka. Baada ya siku kadhaa neutrofili zikaanza kurudi, na homa ikaondoka pamoja nazo, bila mtu yeyote kujua ilitokana na nini. Kijana amerudi Katuba na leukemia yake bado inatibiwa.

Hakuna aliyeandika habari ya kipimo kilichosema "hapana". Hakuna fangasi aliyeonekana, hakuna picha ya kuonyesha wanafunzi. Lakini figo mbili ziliokolewa, na chupa za dawa zilizobaki zikamsubiri mgonjwa mwingine aliyezihitaji kweli.

Wako wanaoniambia: tunahangaika ya nini na vipimo wakati dawa yenyewe haipatikani? Ninawaelewa, na bado ninakataa. Dawa zikiwa chache ndipo unapohitaji zaidi kujua ni nani asiyezihitaji. Flukonazoli, dawa ya fangasi, inauzwa kila famasia ya mitaa yetu ya Kenya na Kamalondo, na familia humnunulia mgonjwa kwa moyo mwema, lakini haimgusi Aspergillus hata kidogo. Vorikonazoli, dawa nyingine ya fangasi, ndiyo iliyoshinda amfoterisini ya kawaida dhidi ya Aspergillus katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2002: wiki ya 12 walikuwa hai karibu 71 kati ya 100, dhidi ya 58 wa upande mwingine. Bei yake hapa ni ya kulia. Kumpa kila mwenye homa hakuwezekani. Kumnyima mwenye Aspergillus kweli ni kumuua.

Matumaini yangu yako kwenye vijiti. Wenzetu wanaohudumia watu wenye virusi vya ukimwi wanakijua kijiti cha Cryptococcus: tone la serumu, dakika kumi, mstari unaonekana au hauonekani, hakuna mashine. Kijiti hicho kimebadilisha namna tunavyoikamata homa ya uti wa mgongo ya fangasi. Vijiti vya aina hiyo kwa ajili ya Aspergillus vimekwisha kutengenezwa, jibu likitoka kwa muda wa saa moja hivi. Serumu bado inahitaji kuchemshwa kwanza, na kisomaji kidogo kinasaidia pale mstari unapokuwa hafifu. Lakini kijiti ni cha mtu mmoja. Hakingoji vishimo vijae. Kwa labo kama yetu, sifa hiyo moja inazidi asilimia zozote za kwenye karatasi ya kiwanda. Hata Fungitell sasa ina toleo la kupima serumu moja moja, kwa sababu walisikia kilio hichohicho. Nikiulizwa na mwenye uwezo wa kununua kitu kimoja kwa ajili ya wodi ya saratani ya mji huu, nitasema vijiti vya galaktomanani vya kutosha kupima mara mbili kwa wiki wale wenye leukemia kali, na boksi la barafu lisilovuja kwa ajili ya serumu za kuthibitisha.

Wakati tunasubiri, kuna ambayo hayahitaji pesa. Familia, mkija na mgonjwa, leteni karatasi zote za dawa alizokunywa, pamoja na zile za famasia ya mtaani, na pamoja na mizizi ya nyumbani. Msifiche. Sitamgombeza mtu. Kidonge kimoja cha kuua fangasi ambacho hatukukijua kinaweza kuigeuza hasi yetu kuwa maneno matupu. Mahindi na karanga zilizoota ukungu zisiingie chumbani kwa mgonjwa, na wageni wasifagie kavu pembeni ya kitanda. Tumieni kitambaa chenye maji.

Kwa madaktari na wauguzi, nimetengeneza karatasi mpya ya kuombea kipimo, na wodi yetu imeanza kuitumia. Inauliza neutrofili ziko ngapi na ziko chini tangu lini. Inauliza kama dawa ya fangasi imeshaanza, ipi, na saa ngapi chupa ya kwanza ilitundikwa. Inauliza antibiotiki, albumini, imunoglobulini, na aina ya maji ya mshipani. Inauliza kama kuna kidonda kikubwa kilichofungwa kwa shashi. Na mstari wa mwisho unauliza: jibu likiwa hasi, mtabadilisha nini? Daktari mmoja kijana aliuacha wazi mstari huo, akaja dirishani kuniuliza kwa nini upo. Tuliongea mpaka zamu yake ikaisha, na sasa anaujaza.

Anayetaka nakala kwa ajili ya hospitali yake, awe Likasi, Kolwezi, Kalemie au Bukavu, aniandikie nitamtumia. Rekebisheni mnavyotaka. Mstari wa mwisho tu, nawaomba, msiufute.